Uyoga wa Dawa: Mfuko Ukishatoa, Usiusubiri Chumbani

Mimi ni muuguzi wenu wa afya ya jamii. Kama uko jikoni, punguza moto kidogo usogee karibu na redio. Kama unanyonyesha, endelea tu kunyonyesha. Sikio moja linatosha.

Leo tutazungumza juu ya uyoga wa dawa unaooteshwa nyumbani kwenye mifuko, hasa ule unaoitwa reishi. Tutajiuliza kwa nini mfuko hutoa mavuno ya kwanza vizuri, halafu mavuno ya pili yakakosa kuja. Najua kuna anayesema, "Muuguzi na uyoga wapi na wapi? Si hiyo ni kazi ya afisa wa kilimo?" Ngoja nikueleze kilichonifanya nilete jambo hili hapa.

Siku moja alikuja kliniki mama mmoja na mtoto wa miaka 2. Mtoto alikuwa amekohoa kwa wiki tatu. Nilipomsikiliza kifuani, nilisikia mlio kama wa filimbi kila anapotoa pumzi. Nikamwuliza mama, "Nyumbani kuna anayevuta sigara?" Akasema, "Hapana, sista." "Mnapikia ndani kwa makaa au kuni?" "Tunatumia gesi, sista." "Sasa chumba mnacholala kina nini?" Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Ni uyoga tu, sista. Mifuko 40. Mingine iko chini ya kitanda, mingine imepangwa ukutani."

Mama huyu alikuwa amechukua mkopo wa chama akanunua mifuko ya reishi. Aliyemuuzia alimwahidi kwamba kila mfuko utatoa mavuno mara sita. Mavuno ya kwanza yalikuja baada ya miezi minne. Akaisubiri ya pili mwezi wa kwanza, wa pili, hadi wa tano. Mifuko ikaanza kugeuka rangi ya kijani na nyeusi. "Mbona hukuitupa?" nikamwuliza. Akanijibu, "Nitaitupaje, sista, na mkopo bado nalipa?"

Tukaendelea kuongea, nikagundua jambo la pili. Mama mkwe wake, ambaye ana ugonjwa wa presha, alikuwa ameweka vidonge vyake kando na sasa anakunywa unga wa ule uyoga. Tulipompima nyanya, presha ilikuwa 190 kwa 110.

Umeona sasa? Mama huyu hakuwa mvivu wala mjinga. Hakuna aliyemweleza ukweli kuhusu mfuko wa uyoga. Kwa sababu hiyo aliupoteza muda, mtoto akaugua kifua, na nyanya akawa hatarini. Kujua mfuko umekwisha lini ni jambo la afya ya nyumba nzima.

Sasa tuuangalie huo uyoga wenyewe.

Unapopanda sukuma wiki nyuma ya nyumba, unachuma majani leo na wiki ijayo unachuma tena. Inawezekana kwa sababu sukuma ina mizizi ardhini, inapata maji na mbolea, na majani yake mabichi yanatengeneza chakula kwa mwanga wa jua. Au fikiria mti wa olkiloriti, ambao gome lake wengi hapa Kajiado hulichemsha kwenye supu. Ukitoa gome kidogo kwa uangalifu, mti unabaki umesimama na mizizi yake, na miaka inapita bado unatoa.

Uyoga sivyo ulivyo. Uyoga si mmea. Hauna majani mabichi na hauwezi kujitengenezea chakula kwa jua. Unakula kile tu ulichowekewa ndani ya mfuko: maranda ya mbao, mabua ya ngano, pumba. Mfuko wa uyoga ni kama debe la unga jikoni. Kila ukipika ugali, unga unapungua. Siku debe likiwa tupu, hata ukiwasha moto na kubandika sufuria, hakuna ugali.

Hiyo ndiyo sababu ya kwanza: chakula kinaisha. Zile nyuzi nyeupe unazoziona zikienea ndani ya mfuko ndizo mwili wa uyoga. Zinakula polepole, zinaweka akiba, kisha zinatoa tunda, yaani ule uyoga tunaouchuma. Mavuno ya kwanza huchukua sehemu kubwa ya akiba hiyo. Uyoga aina ya oista, ule wa kupika kama mboga, unaweza kutoa mara tatu au hata nne, lakini kila mara unapungua. Reishi ni mgumu zaidi. Tunda lake ni gumu kama ubao, nao huchukua miezi kukomaa. Mfuko mmoja wa reishi mara nyingi hutoa mavuno ya maana mara moja, na ya pili yakija huwa madogo. Kule China na Japani, ambako uyoga huu umetumika kwa karne nyingi, wakulima wengine huuotesha kwenye vipande vya magogo vilivyofukiwa udongoni, na magogo hayo hutoa kwa misimu miwili au mitatu. Lakini gogo ni ghala kubwa, na udongo unalitunzia unyevu. Mfuko wa kilo mbili hauwezi kufanya kazi ya gogo.

Sababu ya pili ni maji. Hapa nataka tupige hesabu pamoja. Tuseme una mfuko wa oista wa kilo 2. Siku ya kupandwa, karibu thuluthi mbili ya uzito huo ni maji, yaani kama lita moja na robo hivi. Uyoga mbichi wa oista nao, kati ya kila gramu 100, karibu gramu 90 ni maji. Kwa hiyo ukichuma nusu kilo ya uyoga, umetoa karibu nusu lita ya maji ndani ya mfuko huo. Bado hujahesabu yale yaliyonyonywa na upepo. Nasi wa Kitengela tunajua upepo wetu! Nguo ukianika saa nne, saa sita unaanua. Hewa hiyohiyo inaukausha mfuko wako. Kunyunyizia juu juu hakurudishi maji yaliyotoka ndani.

Na maji yenyewe pia yaangalie. Visima vingi vya kwetu vina chumvi. Ukiona maji yanaacha ukoko mweupe kwenye sufuria, ujue kila ukinyunyizia unauongezea uyoga chumvi. Wakati wa mvua, Machi hadi Mei na Oktoba hadi Desemba, kinga maji ya paa safi uyahifadhi kwenye mtungi uliofunikwa.

Sababu ya tatu ni baridi na joto. Reishi hupenda joto la kadiri ya digrii 25 hadi 30, tena lisilopandashuka, na unyevu mwingi hewani. Nyumba ya mabati hapa kwetu mchana inachoma kama tanuri, na usiku wa Juni hadi Agosti ni baridi ya kutafuta blanketi la pili. Uyoga uliotoa mavuno ya kwanza mwezi wa Aprili unaweza kusimama kabisa unapofika Juni. Watu husema umekufa, au umelogwa. Hapana, umepigwa na baridi. Kwa kuwa reishi ni mpole wa kukua, kusimama huko kunawapa adui zake nafasi.

Adui hao ndio sababu ya nne: ukungu na nzi. Ukungu wa kijani uko kila mahali, hewani, mikononi, kwenye nguo. Mfuko ukiwa umefungwa na nyuzi nyeupe zina nguvu, ukungu haupati mlango. Lakini ukishachuma, umeacha kidonda. Shina lililobaki linaoza. Wale nzi wadogo weusi wanakuja kutaga mayai na kubeba ukungu kutoka mfuko mmoja hadi mwingine. Hapo mshindani ameingia, naye anakula kilichobaki upesi kuliko uyoga wako.

Sababu ya tano ni mbegu iliyochoka. Wengine hukata kipande cha mfuko wa zamani wakapandia mipya, na kutoka ile mipya wakapandia mingine, ili kuokoa pesa. Kila mara nguvu inapungua na uchafu unaongezeka. Nunua mbegu mpya iliyoandaliwa maabara. Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Jomo Kenyatta, kilichoko Juja, kimefundisha kilimo cha uyoga kwa miaka mingi. Afisa wa kilimo aliye karibu nawe anaweza kukuelekeza mahali pengine pa kuaminika.

Sasa utaniuliza, "Sista, je, hakuna njia ya kupata mavuno ya pili?" Ipo, hasa kwa oista. Mimi mwenyewe nimeotesha mifuko 10 nyuma ya nyumba, na nilikosea kabla ya kupatia. Mara ya kwanza niliuvuta uyoga haraka nikaacha mashina, na baada ya wiki moja mifuko saba ilikuwa imeoza. Fanya hivi:

Nawa mikono kwa sabuni kabla ya kugusa mfuko. Shika uyoga chini kabisa, uuzungushe taratibu utoke mzima, usiache kisiki. Kisha uuache mfuko upumzike siku chache. Baada ya hapo tumbukiza mfuko wa oista ndani ya maji safi kwa muda wa kama saa sita, uutoe na kuuacha uchuruzike vizuri. Urudishe mahali penye kivuli, hewa na unyevu. Mavuno mengine yakija, yataanza kuonekana ndani ya wiki moja au mbili. Zikipita wiki nne bila kuona kitu, huo umemaliza. Kwa reishi, kata tunda lililokomaa kwa kisu safi, funika mfuko usikauke, na usubiri miezi miwili wakati wa joto. Usipoona chipukizi, usiendelee kusubiri.

Kuhusu pesa, nakuomba ufanye hesabu yako kwa mavuno ya kwanza peke yake. Kama mavuno ya kwanza hayawezi kurudisha gharama ya mfuko, biashara hiyo isiguse karo ya mtoto wala pesa ya chakula. Ya pili yakija, yahesabu kama baraka. Anza na mifuko mitano, uandike kwenye daftari tarehe na uzito wa kila mavuno. Atakayekuja kukuuzia mia moja kwa ahadi ya mara sita, mwonyeshe daftari lako.

Sasa narudi kwenye kazi yangu, afya. Nina mambo manne, naomba uyasikilize kwa makini.

La kwanza: uyoga usiwe chumba cha kulala. Uyoga uliokomaa hutoa vumbi laini sana. Oista hutoa vumbi jeupe jingi, na reishi hutoa la kahawia linalofunika kila kitu kama kakao. Ukungu nao hutoa vumbi lake. Vumbi hilo likivutwa kila usiku linaweza kuamsha pumu, na kwa wanaofanya kazi na uyoga kwa muda mrefu linaweza kuleta ugonjwa wa mapafu wenye homa, kikohozi na kukosa pumzi. Mtoto mdogo, ambaye mapafu yake bado yanakua, anaumia haraka zaidi. Weka mifuko kwenye kibanda chake mbali na nyumba. Unapochuma, funga pua na mdomo kwa barakoa, na chuma kabla uyoga haujaanza kumwaga vumbi.

Mtoto akikohoa, usimpe dawa ya dukani ukangoja. Mpeleke kituo cha afya mara moja ukiona anapumua haraka, au kifua kinabonyea ndani anapovuta pumzi, au ana mlio kifuani. Akishindwa kunywa au kunyonya, akitapika kila kitu, akipata degedege au akilegea asiamke, hiyo ni hatari kubwa, usingoje asubuhi. Na kikohozi kikifika wiki mbili, mtoto achunguzwe kifua kikuu pia, hata kama unadhani unajua chanzo chake.

La pili: usile, na usiwalishe watoto, kitu chenye ukungu. Wengi mnakumbuka mwaka 2004, upande wa Makueni na Kitui, watu 125 walifariki baada ya kula mahindi yenye sumu ya kuvu. Kuvu ile ni aina nyingine, lakini funzo ni lilelile: jicho haliwezi kupima sumu. Kukata sehemu ya kijani ukapika iliyobaki si usalama. Mfuko wenye ukungu usimpe ng'ombe, mbuzi wala kuku. Utoe nje ukiwa umefungwa, uyamwage maranda mbali na nyumba, uyafunike kwa udongo yaoze yawe mbolea. Na ukiona uyoga umeota juu ya lundo hilo baadaye, usiuchume. Hujui kama ni ule uliopanda au ni wa porini uliojileta wenyewe, na uyoga wa porini wenye sumu hauondoki sumu kwa kuchemshwa.

La tatu: uyoga hauchukui nafasi ya vidonge. Nasikia ikisemwa kwamba reishi inatibu presha, kisukari, saratani na hata virusi vya ukimwi. Mwaka 2015, watafiti wa shirika la Cochrane walikusanya majaribio 5 yaliyohusu reishi kwa watu 398, wengi wao wakiwa na kisukari. Hawakupata ushahidi wa kutosha kuunga mkono matumizi yake kwa kushusha sukari, presha au mafuta ya damu. Kwa hiyo ukiacha dawa ya presha ukanywa unga wa uyoga, umeacha kinachojulikana ukashika kisichothibitishwa. Presha haina kelele. Inakuja kusikika siku ya kiharusi. Na dawa za virusi vya ukimwi ukiziacha, virusi vinarudi kwa nguvu.

Kama unatumia dawa za kuzuia damu kuganda, au za presha, au za kisukari, mwambie daktari kabla ya kuongeza reishi, kwa sababu inaweza kuongeza kutoka damu au kushusha presha na sukari kupita kiasi. Ukiona macho yana manjano au mkojo umekuwa mweusi kama chai, acha unga huo uende hospitali, kwa maana wapo watu ambao ini lao limeumia.

La nne: mama mjamzito, mama anayenyonyesha na mtoto mdogo wasipewe reishi. Usalama wake kwao haujathibitishwa. Mtoto wa chini ya miezi sita anahitaji maziwa ya mama tu, bila unga, bila chai, bila hata maji. Oista ni mboga nzuri kwa mtoto mkubwa na kwa familia, ukiipika ikaiva vizuri. Lakini gramu 100 za oista mbichi zina protini kama gramu 3 tu. Maharagwe, ndengu, mayai na maziwa bado vina kazi yao kwenye sahani.

Mtaniuliza, yule mama aliishia wapi? Mtoto alipimwa kifua kikuu, hakuwa nacho. Alitibiwa, mifuko ikatolewa, chumba kikaoshwa kwa maji na sabuni na madirisha yakafunguliwa. Baada ya wiki mbili alirudi, na kifua kilikuwa kimetulia. Nyanya alirudia vidonge vyake, na sasa presha yake inapimwa kila mwezi. Mkopo ule mama aliulipa wote, tena kwa shida. Aliniambia, "Sista, ningejua mfuko ni debe la unga, ningeutoa mapema." Akaniruhusu niwaambie ninyi bila kumtaja.

Basi tukumbushane. Mfuko wa uyoga una chakula cha kiasi na maji ya kiasi, na vyote vinaondoka na mavuno. Reishi ihesabie mavuno moja, oista, mawili. Mfuko wenye ukungu utoke leo, usingoje kesho. Uyoga usilale na watoto. Na vidonge vya mgonjwa vibaki mahali pake.

Ukimaliza kusikiliza, nyanyuka uchungulie chini ya kitanda na nyuma ya kabati. Kama kuna mfuko unaousubiri, angalia rangi yake, na uhesabu ni miezi mingapi tangu uchume. Ukiwa na swali, mwulize mhudumu wa afya ya jamii wa kijiji chako, au uje kituo cha afya kilicho karibu. Hakuna atakayekucheka.

Kwa leo naishia hapo. Mungu awalindie watoto. Kwaherini hadi kipindi kijacho.